Kabla hujaandika barua ya onyo

Kwa miaka kadhaa nimesimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, Dar es Salaam. Barua ya onyo ninayoijutia kuliko zote nilimsomea kijana wa mashine ya kukandia, mbele ya wenzake. Alikuwa amechelewa mara tatu ndani ya wiki mbili. Unga ukichelewa kukandwa, mkate nao unachelewa kuumuka, magari yanasubiri getini alfajiri na wenye maduka wanaanza kupiga simu. Alisaini bila neno, vidole vimejaa unga, akarudi kwenye mashine.

Siku mbili baadaye dada mmoja wa kufungasha akanivuta pembeni. "Kaka, yule mwanawe amelazwa. Jioni anapeleka chakula wodini, ndipo aanze kugombania daladala."

Mwaka wa pili tuko naye, na sikujua. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Ilikuwa haki yake, nami nikamwandikia onyo. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu: "Bosi, niliogopa ukisikia nina mgonjwa utatafuta mtu mwingine." Jibu lile lilininyima usingizi. Kumbe ndivyo walivyonijua.

Nilimwomba radhi palepale nilipomsomea barua, wenzake wakiwepo. Mtu uliyemwaibisha hadharani usimwite chemba kumtaka radhi.

Siku hizi naanza kwa kuuliza, tena tukiwa wawili tu. Chunga maneno yako: "Una tatizo gani?" kwa Kiswahili chetu ni ugomvi tayari. Mimi husema, "Nyumbani hawajambo?" halafu nanyamaza. Wengi hujibu hawajambo. Usiondoke, lenyewe huja baada ya hapo. Na haki za watu zijue mwenyewe, usingoje wazidai. Mama anayenyonyesha, kwa mfano, anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Mwambie siku ya kwanza anayorudi kutoka uzazi, asije akakuomba kama anayeomba hisani.

Ila kuna huruma inayoumiza, na hii nimeifanya mwenyewe. Fundi wa oveni alikuwa akisinzia, trei zikaungua, nami kwenye daftari la zamu nikaandika kwamba umeme ulisumbua. Nilimwonea huruma, ana familia. Waliokwangua trei zile na kukanda upya saa tisa usiku ni wenzake, wakanyamaza kwa kuniheshimu. Hali iliendelea hivyo miezi miwili, hadi nikamkalisha nikamweleza wazi: unaharibu kazi, na wenzako wamechoka. Akainama, kisha akaniomba nimhamishie zamu ya mchana, kwa kuwa nyumbani kwake mchana hakulaliki, watoto na majirani tele. Nilimhamisha wiki ileile, na trei hazikuungua tena. Ombi lile angeniletea tangu mwezi wa kwanza, laiti ningemwambia ukweli.