Usimchome mama sindano ya vitamini D kabla hajapimwa damu

Mleta uzi, hiyo sindano ya yuniti 300,000 usimchome mama. Unasema ana miaka 67, ana kisukari, miguu haina nguvu, unauliza ale nini na afanye zoezi gani, na muuzaji dawa huko Ngamiani kakwambia mazoezi ya nini kwa mtu mzima, achomwe tu kila wiki mwezi mzima. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi, hapa hapa Tanga.

Mama yangu, baada ya kuchomwa sindano hizo, alianza na kiu. Mtungi unajazwa asubuhi, adhuhuri mtupu. Usiku kucha anaenda haja ndogo, choo kigumu, chakula hakitaki. Kwa mwenye kisukari utawaza nini? Sukari imepanda. Muuzaji akasema hivyo hivyo, wala hakumtoboa kidole kupima, akamwongezea glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Alfajiri moja tukamkuta amelala kwenye mkeka wa kuswalia, jasho limelowesha khanga, anaita majina ya watu waliokwisha kufa. Sukari ilikuwa imeshuka! Hospitali walipopima damu, kalsiamu iko juu na figo zimeanza kulemewa. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu, na kalsiamu ikipanda huleta kiu na mkojo mwingi, kama sukari vile vile. Mtu anauza sindano hajui hilo, anathubutuje kumshika mzee wa watu mkono?

Umri wa mama yako unahitaji yuniti 600 kwa siku; akipita 70, 800. Bila daktari asivuke 4,000. Australia waliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Matokeo yalitoka 2010: walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa.

Sikatai kwamba mama zetu wanaweza kupungukiwa. Jua tunalo, ila ukivaa baibui na kushinda ndani, ngozi hailioni. Ndiyo maana nasema apimwe kwanza vitamini D, kalsiamu na figo, kisha daktari apange kiasi.

Na nguvu za miguu zinatoka kwenye misuli. Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini imemlegea. Mama yangu siku hizi anakalia kiti cha mbao kilichoegemea ukuta, mikono kaikunja kifuani, anainuka na kukaa taratibu mpaka mapaja yachoke, anapumzika, anarudia. Mara mbili tatu kwa wiki, siku za kupishana. Sukari inapimwa kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), anakula kitu kwanza, maana bado anatumia vidonge. Akifunga, hafanyi.

Huyo muuzaji akikupigia kesho kwamba sindano zinakwisha, muulize kalsiamu ya mama yako ni ngapi. Akishindwa kujibu, usirudi dukani kwake.