Kujua vipaji vyako bila kulipia

Salaam ndugu. Umesema CliftonStrengths, jaribio la mtandaoni la kutambua vipaji, imekudai malipo nawe unatafuta mwelekeo wa kazi. Usilipe kwanza.

Anza na O*NET Interest Profiler, dodoso la mtandaoni la Wizara ya Kazi ya Marekani linalopima kazi unazopendelea: maswali 60, bure kabisa. Jibu kwa kile unachopenda kufanya, usiwaze mshahara wala cheti. Hapo ndipo wengi huharibu: wanajibu kana kwamba wako kwenye usaili, na majibu yanatoka ya mtu mwingine. Nakili alama za makundi yote 6 ya mapendeleo kabla ya kufunga ukurasa. Kazi utakazoorodheshewa ni za soko la Marekani, kwa hiyo angalia aina ya kazi, kisha ilinganishe na matangazo ya ajira ya huko uliko.

Halafu fanya VIA, dodoso la mtandaoni la sifa njema za tabia. Unajisajili kwa barua pepe, inakupangia sifa 24 za tabia. Utashawishiwa kununua ripoti ndefu, achana nayo. Ila hii inapima tabia, si ujuzi, kwa hiyo zile 5 za juu waonyeshe watu 2 au 3 waliofanya kazi nawe, wakutajie lini walikuona ukizitumia. Sifa isiyopata mfano hata mmoja, iweke pembeni.