Barafu ya mtoni: shimo moja sentimita 40, la pili 18

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Nimekulia Kigoma na nimevua migebuka Tanganyika kabla ya kuja huku Winnipeg, Canada. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Januari hii mwenzangu wa kazini alinichukua kwenda kuvua juu ya barafu ya mto Red, upande wa Selkirk. Tulitoboa mashimo matatu. La kwanza, mbali na ukingo, lilikuwa na sentimita 40, ila keekee ilipotoka tu ukapanda uji wa barafu na ndoana ikagoma kushuka. La pili, hatua kama kumi na mbili kutoka hapo, lilikuwa na sentimita 18 na maji safi. La tatu lilikuwa karibu na ukingo: keekee ilipita barafu halafu ikakuta uwazi mtupu, maji yapo chini zaidi. Mwenzangu anasema 40 inatosha na kubaki, wiki ijayo tuingize pikapu. Mbona wiki moja kabla tulikuwa Ziwa Winnipeg na barafu ilikuwa karibu sawa kila tulipotoboa? Mto una nini? Na hiyo pikapu iingie au isiingie?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na pikapu ili usisome roho ikiwa juu: isiingie. Mashimo yenu matatu yameshawajibu, ila mwenzako amesikiliza moja tu.

Kazi yangu ni kupima mito. Miezi ya baridi hutoboa barafu kutoka ukingo hadi ukingo, mashimo ishirini au zaidi kwenye mstari mmoja, ili nijue maji kiasi gani yanapita chini. Kwenye kila shimo naandika unene wa barafu. Sijawahi kumaliza mstari ambao namba zake zimelingana, na mara kadhaa shimo moja limekuwa na unene mara mbili ya jirani yake. Kwa hiyo hayo mliyoyaona si maajabu, ndivyo mto ulivyo.

Tuanze na ziwa. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4, si yakiwa baridi kabisa. Majira ya baridi yakiingia, maji ya nyuzi 4 hukaa chini, yale ya baridi zaidi huelea juu yake na kuganda. Barafu ikishafunika, upepo hauwezi tena kuyavuruga. Tangu hapo unene hutegemea hasa mambo mawili: hewa ina baridi kiasi gani, na theluji imelala kiasi gani juu. Kwa kuwa mambo hayo hayabadiliki sana ndani ya eneo dogo, mkatoboa mkakuta karibu sawa. (Ziwa nalo lina nyufa zake na matuta ya barafu iliyogongana, usije ukalipatia cheti cha usalama.)

Mtoni maji hayatulii. Mkondo huyapindua juu chini mpaka yote, kuanzia juu hadi kwenye matope, yanafikia karibu nyuzi 0. Humo hamna akiba ya nyuzi 4 iliyotulia chini. Maji hayo yanapopita chini ya barafu huwa na joto dogo mno, sehemu ndogo ya nyuzi moja, lakini yanapita usiku na mchana. Unajua mwenyewe upepo wa nyuzi −10 unavyouma kuliko hewa tulivu ya nyuzi hizohizo. Mkondo hufanya kazi ya namna hiyo upande wa chini, ila kinyume: kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoipa barafu joto na kuizuia isinenepe. Kwenye kona ya mto maji hukimbilia upande wa nje, na huko barafu huwa nyembamba. Nguzo za daraja, mdomo wa kijito, bomba linalomwaga maji ya mji, vyote hufanya hivyo. Shimo lenu la pili, kwa maelezo yako, naamini lilikuwa juu ya mkondo wenyewe.

Kuna hesabu ya zamani tunayoitumia bado, ya mwanafizikia Josef Stefan, ya mwaka 1891. Jumlisha nyuzi za baridi za kila siku chini ya sifuri, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa namba ya mahali. Siku 20 zenye wastani wa nyuzi −15 ni jumla ya 300, na kipeuo chake ni karibu 17.3. Ziwa la kawaida lenye theluji huzidishwa kwa 1.7 hadi 2.4, unapata sentimita 29 hadi 42. Mto wa kawaida wenye theluji ni 1.4 hadi 1.7, yaani 24 hadi 29. Mto mdogo uliokingwa na upepo unaweza kushuka mpaka 0.7, ukapata sentimita 12 tu. Baridi ni ileile na siku ni zilezile. Na hizo ni namba za mto mzima, hazisemi lolote kuhusu hatua kumi na mbili kati ya shimo na shimo.

Sasa ule uji, ambao ndio ninaoupenda zaidi katika swali lako. Mahali ambapo mto haujafunikwa, maji yanayokimbia chini ya anga yenye baridi kali hushuka chini ya sifuri kwa sehemu ndogo sana bila kuganda. Hapo huzaliwa chembe nyembamba za barafu, kama vipande vya sarafu vidogo sana, zinazonatana na kila zinachogusa. Huitwa frazili. Mkondo huzibeba na kuzipitisha chini ya barafu iliyokwisha kutanda, na maji yanapopunguza kasi zenyewe hupanda na kujibandika chini ya barafu, tabaka juu ya tabaka. Nimewahi kutoboa sentimita 30 za barafu ngumu halafu fimbo ya kupimia ikazama kwenye uji zaidi ya mita moja kabla ya kugusa maji yanayotembea.

Sehemu ya juu ya uji huo huganda na kushikana na barafu ya awali. Ndiyo maana nina shaka na zile 40 zenu. Mwenzako alipima unene, hakutazama rangi. Barafu ya samawati inayopitisha mwanga ndiyo yenye nguvu. Barafu nyeupe, ya uji au theluji iliyolowa ikaganda, huhesabiwa nusu: sentimita 40 nyeupe ni kama 20 za samawati. Safari nyingine usipime kwa macho kutoka juu. Ingiza kijiti chenye ndoano mwishoni, kishike ukingo wa chini wa barafu, kisha mulika kuta za shimo kwa tochi uone tabaka zake.

Shimo la tatu ndilo ambalo lingenifanya mimi nikusanye vyombo na kuondoka upande ule. Barafu ina uzito wa karibu kilo 917 kwa mita ya ujazo, maji ni 1,000. Kwa hiyo barafu inayoelea vizuri huzama karibu sehemu 92 kwa 100, na maji ya shimoni husimama chini kidogo ya uso wake: kwa barafu ya sentimita 40 ni sentimita 3 na kitu, kwa 18 ni sentimita 1 na nusu. Hicho ni kipimo cha bure. Maji yakifurika juu ya barafu, ujue theluji imeielemea au mto unasukuma kutoka chini. Yakiwa mbali chini, kama mlivyoona, mto umepungua baada ya kuganda na barafu imebaki ikining'inia, imeshikwa na ukingo tu. Imekuwa dari isiyo na nguzo. Barafu hubeba mzigo kwa sababu maji yanaisukuma kutoka chini. Ukiondoa maji, hesabu zote za unene hazina maana.

Hesabu zenyewe hizi hapa, maana mwenzako atataka namba. Lorne Gold, mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: zidisha unene kwa unene, kisha kwa 3.5, unapata kilo ambazo barafu nzuri itabeba kwa tahadhari. Sentimita 40 za samawati ni kilo 5,600. Mwenzako angekuwa sahihi! Zikiwa nyeupe, tukahesabu 20, ni kilo 1,400. Sentimita 18 ni kilo 1,134. Pikapu ya kawaida na watu wawili na vyombo hupita kilo 2,500 bila shida. Na ili ifike kwenye shimo la kwanza lazima ipite kwenye barafu inayoning'inia pale ukingoni. Kanuni hiyo pia ni ya mzigo unaopita. Gari lililoegeshwa saa nzima huibonyeza barafu polepole mpaka maji yakaanza kupanda kwenye mashimo.

Kwa miguu mnaweza kwenda, kwa masharti. Msalaba Mwekundu wa Canada hutaja sentimita 15 kwa mtu anayetembea. Mtoni mimi sishuki chini ya hapo hata kama nina haraka. Atangulie mmoja na mtalimbo, agonge kwa nguvu mbele yake kila hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, anarudi alikotoka kwa nyayo zake mwenyewe. Mwingine afuate nyuma kwa nafasi, na kamba. Wote wavae majaketi ya kuelea, na shingoni kila mmoja awe na vishikio viwili vyenye misumari ya kujivutia juu ya barafu.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, hapohapo mjini kwenu, amefundisha kanuni ya 1-10-1 kwa anayetumbukia: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya baridi kukuzimisha fahamu. Kinachowaua wengi ni ile dakika ya kwanza, kwa kuhangaika. Geuka uelekee ulikotoka, piga miguu kama unaogelea, jivute kifudifudi, kisha bingirika, usisimame. Ila tofauti na ziwani, mtoni mkondo unakuvuta miguu uingie chini ya barafu, na pengine hizo dakika 10 hutazipata.

Jambo jingine la Red ni kwamba unatiririka kuelekea kaskazini. Huko kusini, Minnesota na North Dakota, huyeyuka mapema, na maji hufika Selkirk yakakuta barafu bado imesimama. Ndiyo sababu mwishoni mwa majira ya baridi mashine ziitwazo Amphibex huvunja barafu ya upande huo ili isizibe mto. Zikianza kazi, kibanda chako kiwe kimeshatoka.

Kuhusu ndoana iliyogoma kushuka: msipoteze muda kuusukuma uji. Maji hapo yalipunguza kasi, ndiyo maana frazili imetua, na samaki wanaopenda maji yaliyotulia wangekaa hapo kama pasingejaa. Sogeeni upande wa ndani wa kona, pale mkondo unapopakana na maji yaliyotulia, mkipima kila hatua tano. Huko ndiko hukaa wale samaki ambao wenyeji wa Manitoba huwaita pickerel. Chubwi la ziwani halitafaa. Ongeza uzito mpaka mshipi usimame karibu wima na usikie likigusa chini. Kisha liinue kama shubiri moja, uchezeshe taratibu.