Maswali ya Wasomaji: Fundisho Lilibadilika, Nasi Tukaitikia Amina

SWALI: Nimelelewa kanisani tangu utoto. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba jambo fulani, ambalo sitalitaja ili wenzangu wasijulikane, ni dhambi, na mama yangu alitengwa na meza ya Bwana kwa miaka minne kwa sababu yake. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa nikiketi naye kwenye benchi la nyuma wakati wenzetu wakishiriki. Mwaka jana mzee wa kanisa alisimama baada ya matangazo ya kawaida, akasoma waraka wa ukurasa mmoja unaosema kwamba jambo hilo sasa linaachiwa dhamiri ya kila mtu. Akaukunja, akauweka ndani ya Biblia yake, tukaitikia Amina, tukaimba wimbo wa kufunga ibada, tukatoka. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza. Viongozi wa dini hubadilishaje mafundisho namna hiyo, na kwa nini sisi tunakubali?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye ule waraka uliokunjwa na kuwekwa ndani ya Biblia, kwa sababu tendo hilo dogo limebeba nusu ya jibu. Ni nadra sana kiongozi wa dini kusimama mbele ya waumini na kusema, "Tumebadilisha." Mamlaka yake yote husimama juu ya dai kwamba anachofundisha hakikutoka kwake, na akikiri kwamba jana alikosea, msikilizaji atamuuliza kwa nini aaminiwe leo. Kwa hiyo jambo jipya huwekwa ndani ya lile la zamani na kufunikwa humo, hata lionekane kana kwamba lilikuwapo siku zote.

Njia inayotumika zaidi ni kusema kwamba tunarudi kwenye chimbuko. Mwaka 1864 Papa Pius wa IX alilaani wazo kwamba kila mtu yuko huru kufuata dini anayoiona kuwa ya kweli kwa mwanga wa akili yake. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatangaza kwamba kila binadamu ana haki ya uhuru wa dini. Mtu yeyote akiyaweka maandiko hayo mawili mezani ataona umbali uliopo kati yake, lakini hati ya 1965 inasema waziwazi kwamba fundisho la mapokeo kuhusu wajibu wa watu kwa dini ya kweli haliguswi. Sisemi kwamba maaskofu wale walidanganya. Wengi wao waliamini kwa dhati kwamba walikuwa wakilichimbua jambo lililofukiwa, na wanateolojia wamefanya kazi kubwa kuonyesha mwendelezo huo. Naonyesha tu jinsi mlango unavyofunguliwa huku mwenye nyumba akisisitiza kwamba ukuta haujaguswa.

Njia ya pili ni ile ya nuru inayoongezeka. Mashahidi wa Yehova huitegemea Mithali 4:18, isemayo kwamba njia ya wenye haki ni kama nuru inayozidi kung'aa hata mchana mkamilifu. Mwaka 1967 jarida lao lilifananisha upandikizaji wa viungo vya mwili na ulaji wa nyama ya binadamu. Mwaka 1980 suala hilohilo likaachiwa dhamiri ya mtu binafsi, kwa maneno yanayokaribiana sana na ya waraka mliosomewa ninyi. Uzuri wa mfano wa nuru ni kwamba hamfanyi mtu yeyote kuwa na hatia, kwa kuwa aliyetembea gizani hakukosea, ila jua lilikuwa bado halijapanda. Ubaya wake ni huohuo, maana aliyekataa matibabu kwa utiifu kabla jua halijapanda hana wa kumwuliza.

Ya tatu ni ufunuo mpya. Wilford Woodruff, rais wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), alitoa mwaka 1890 tamko la kuacha ndoa za wake wengi, wakati serikali ya Marekani ilikuwa ikilibana kanisa hilo kwa sheria na kutaifisha mali zake. Mwaka 1978 kanisa hilohilo likatangaza kwamba ukuhani, ambao wanaume weusi walikuwa wamenyimwa kwa zaidi ya miaka mia moja, uko wazi kwa kila mwanamume anayestahili bila kujali rangi. Mtume wao mmoja, Bruce McConkie, aliwaambia walimu wa kanisa miezi michache baadaye wasahau kila alichowahi kusema yeye, au viongozi waliomtangulia, kinachopingana na ufunuo huo. Nayaheshimu maneno hayo kuliko waraka wenu, kwa sababu angalau yanakiri kwamba kulikuwa na maneno ya kusahauliwa.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma zaidi, yaani kwa nini mliitikia Amina. Tusidhani kwamba waumini hukubali kila kitu. Katika Urusi ya karne ya 17 Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la huko, aliagiza watu wafanye ishara ya msalaba kwa vidole vitatu badala ya viwili, ili wafanane na Waorthodoksi wa Kigiriki. Ni kidole kimoja tu kilichoongezwa, lakini sinodi, yaani baraza la viongozi wa kanisa, ya mwaka 1551 ilikuwa imewalaani wale wasiotumia vidole viwili, kisha sinodi ya 1666 na 1667 ikawalaani wale waliong'ang'ania viwili hivyohivyo. Kanisa likapasuka. Padre Avvakum, msemaji mkuu wa waliokataa, alichomwa moto mwaka 1682, na laana hizo Kanisa la Urusi halikuziondoa hadi 1971. Ukilinganisha kidole kimoja na suala zito kama uhuru wa dini, ambalo Wakatoliki wengi walilipokea bila ghasia, utaona kwamba uzito wa jambo kwa kipimo cha wanateolojia hautabiri namna waumini watakavyolipokea. Mkulima wa Urusi alifanya ishara ile alipoamka, alipokula, alipomzika mtoto wake. Alichoguswa ni mkono wake mwenyewe, na aliyemgusa alikuwa mtu wa mbali aliyetumia nguvu.

Kwa hiyo fundisho hupokelewa kwa urahisi pale ambapo halivunji mazoea ya kila siku, na pale ambapo waumini wamekwisha kubadilika kabla ya viongozi wao. Maaskofu wa Kianglikana, katika mkutano wao wa Lambeth huko London, walionya vikali dhidi ya uzuiaji mimba mwaka 1920, na mwaka 1930 wakauruhusu kwa masharti. Hawakuwafungulia watu njia mpya, waliwafuata kwenye njia ambayo wengi walikuwa wanaipita tayari. Papa Paulo wa VI alipokataa kubadili msimamo kuhusu suala hilohilo mwaka 1968, Wakatoliki wengi waliendelea kusali kanisani na kuamua nyumbani. Nakisia kwamba hata kwenu, siku waraka ulipokuja, nusu ya waliokuwamo walishusha pumzi.

Lakini hiyo bado si sababu kubwa. Dini si orodha ya hoja ambazo mtu akiona moja imevunjika ataitupa orodha nzima. Ni watu waliomzika baba yako, wimbo ulioimbiwa ukiwa mtoto, na Mungu uliyemlilia usiku. Baada ya tarehe 22 Oktoba 1844 kupita, siku ambayo wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngoja Kristo arudi, wengi walivunjika moyo na kuondoka. Wachache waliobaki walipata tafsiri kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio lilitendeka katika patakatifu pa mbinguni, na kutokana na kundi hilo likazaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Mtu wa nje huona ukaidi, lakini mimi naona watu waliokuwa wamefahamiana katika maombi na ambao hawakuwa tayari kupoteza kila kitu kwa siku moja.

Tena kuna ukimya wenyewe. Kila mmoja wenu aliwatazama wenzake, akawaona wametulia, akadhani ni yeye peke yake mwenye swali. Wewe ulikaa kimya, na jirani yako akausoma ukimya wako kama ridhaa. Usijihukumu kwa hilo, dada yangu. Swali lako halikutokana na upungufu wa imani. Limetokana na kumpenda mama yako, na unayo haki ya kulipeleka kwa wazee, ukiwaomba wakuonyeshe lile fundisho la awali pale lilipoandikwa na wakueleze ni nini kilichowafanya waliache.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Kwetu hakuna Papa, na Qur'ani inasema katika sura ya tano, aya ya tatu, kwamba Mwenyezi Mungu ametukamilishia dini yetu. Mbona basi masheikh hutoa hukumu tofauti na za waliowatangulia?

JIBU: Ndugu yangu, wanazuoni hutenganisha misingi ya imani, ambayo haibadiliki, na fiqhi, ambayo ni ufahamu wa binadamu juu ya sheria. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820 Miladia, alikuwa ametoa rai nyingi akiwa Iraki; alipohamia Misri alizipitia upya na kuziacha baadhi yake. Vitabu vya madhehebu yake hadi leo vinataja "kauli ya kale" na "kauli mpya", na katika masuala machache wanazuoni waliofuata wameipa nguvu ile ya kale. Naye Khalifa Umar, alipowakusanya watu nyuma ya imamu mmoja katika sala ya tarawehe, aliliita jambo hilo bidaa njema, yaani jambo jipya lililo zuri katika dini, hakulificha jina lake.

Ninachokipenda hapo ni kwamba rai iliyoachwa haikufutwa. Mwanafunzi huisoma pamoja na mpya, anajua ni nani aliyeiacha, na anaweza kupima hoja za pande zote mbili. Si kila sheikh hufuata adabu hiyo, na wapo wanaotoa fatwa kana kwamba haijawahi kuwapo nyingine, lakini urithi wenyewe uko wazi kwa anayetaka kuusoma.

SWALI: Mimi ni mchungaji. Nimeagizwa kuwatangazia washirika badiliko la fundisho, nami nakubaliana nalo. Nilitangazeje bila kuwaumiza?

JIBU: Mchungaji, sitakuahidi kwamba ukweli utakuwa rahisi. Baada ya kifo cha Herbert W. Armstrong mwaka 1986, warithi wake katika Kanisa la Ulimwengu la Mungu, huko Marekani, waliyapima upya mafundisho yake, na kufikia mwisho wa 1994 walitangaza waziwazi kwamba kushika Sabato na sheria za vyakula za Agano la Kale si wajibu wa Mkristo. Walikiri kwamba walikuwa wamekosea. Maelfu waliondoka na kuanzisha makanisa mengine, na miongoni mwa waumini walikuwamo watu waliokuwa wamepoteza ajira kwa kuishika Sabato hiyo.

Hata hivyo nakushauri uwe wazi. Usiusome waraka huo baina ya matangazo. Utengee ibada nzima, useme tulifundisha nini, tangu lini, na kwa nini tumeona tofauti, kisha ukae usikilize maswali hata yakikesha. Na kabla ya siku hiyo, fungua daftari la ushirika uangalie majina ya waliotengwa kwa sababu ya fundisho hilo. Waliofariki, watafute watoto wao. Walio hai, nenda nyumbani kwao mmoja mmoja, bila barua mkononi, ili habari hii waisikie kwanza kinywani mwako.