Jibu: Taa ya oili kuwaka injini ya 5A ikipata moto
Habari ndugu. Umeeleza kuwa taa ya oili ya Corolla yako huwaka injini ya 5A ikishapata moto, nawe unataka kubadilisha pampu. Kwanza toa swichi ya presha ya oili, ufunge geji ya kupimia presha mahali pake. Presha ikiwa kweli ndogo, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) ukague chujio la kunyonyea oili. Langu nililikuta limezibwa na vipande vya silikoni (gundi ya kuzibia maungio ya injini) vigumu kama punje za mchele, na pampu ilikuwa nzima. Ikibidi kuibadilisha, iko nyuma ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo badilisha mkanda na sili ya krenki (mpira unaozuia oili kuvuja kwenye shafti kuu ya injini) papo hapo. Tafadhali usisahau kujaza oili kwenye gia za pampu kabla ya kuifunga, kisha zungusha injini kwa stata, plagi zikiwa nje, hadi taa izimike.