Ugomvi wa saiti, kila hatua na wake

Mi nasimamia saiti za nyumba za kawaida tu, vyumba vitatu sebule na jiko, na nimechelewa sana kuelewa kwamba mafundi wanaogombana kwenye msingi hawagombanii kile watakachogombania kwenye plasta. Zamani dawa yangu ilikuwa moja, naita kikao, nabembeleza, soda, yameisha. Kumbe wapi.

Mwanzoni watu hawajuani, wanataka kujua nani mkubwa hapa. Fundi mkuu anasema zege ni moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), saidia fundi kule alikotoka walikuwa wanakadiria kwa koleo, basi kelele. Hapo usipatanishe, amua mbele ya wote: mchanganyo anasema huyu, hela ya siku inatoka jioni kwangu. Na usiogope kelele zenyewe, kuna Mmarekani anaitwa Bruce Tuckman aliandika tangu 1965 kwamba timu inazozana kwanza ndo inazoeana.

Katikati ndo kwenye shughuli. Kuna nyumba fundi plasta kamaliza korido imenyooka kama kioo, kesho yake fundi umeme huyo na tindo lake, anatindua ukuta apitishe paipu za waya. Walishikana mashati! Mi nikakaa nauliza nani kaanza, siku nzima ikaenda, kumbe aliyeanza ni mimi, sikumwambia fundi umeme kwamba plasta inaanza Jumatatu. Nikaomba radhi, na hela ya kurudia ule ukuta ikatoka mfukoni kwangu (iliniuma). Tangu hapo plasta haianzi mpaka fundi umeme na fundi bomba waniambie kwa mdomo wao wamemaliza ukutani, na mi nizunguke nahesabu boksi za soketi mwenyewe. Grupu la WhatsApp halikusaidia kitu, mtu anaona meseji jioni ukuta ushapigwa, bora dakika kumi asubuhi kabla ya chai. Kwa hiyo wakigombana katikati ya kazi angalia ratiba kwanza, tabia za watu baadaye.

Mwisho, kwenye rangi na tailizi, ni hela ya baki tu. Kila mtu anaogopa kudhulumiwa, ndo unasikia fundi tailizi anadai vigae vimepasuliwa na ngazi ya mtu wa rangi. Mabosi wengi wanashikilia hela ili fundi asikimbie, mi naona ndo wanachochea. Siku hizi nalipa chumba kwa chumba, tukikikagua kikapita anachukua chake. Vigae bado vinapasuka, ila juzi mtu kaja mwenyewe, "bosi ngazi ilikuwa yangu", kakatwa hela ya kigae kimoja, karudi kupaka.