Nchi ya Nordiki ya kubuni: wizara ya mambo ya nje ianzie kwa makonsuli, waziri baadaye

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Unaandika riwaya, umebuni nchi ya Nordiki (kule kaskazini mwa Ulaya, kama Norwei au Uswidi) yenye watu kama milioni moja, na unauliza wizara yake ya mambo ya nje iweje ili msomaji aiamini. Kwenye rasimu yako kuna waziri mwenye msafara na balozi karibu kila nchi duniani. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa kama mtumishi mwenyeji kwenye ubalozi mmoja wa nchi za kule hapa Dar, kaunta kwanza, masijala baadaye. Kwa ninavyowajua, hiyo uliyoandika ni wizara ya taifa kubwa iliyovalishwa koti la baridi.

Kabla ya jengo na waziri, amua ni nani aliyekuwa akiisemea nchi yako kabla haijajisemea yenyewe. Humo ndimo zilimopita Norwei, Aislandi na Ufini. Chukua Norwei. Tangu 1814 ilikuwa na mfalme mmoja na Uswidi, na mambo ya nje yakiamuliwa Stockholm. Lakini Wanorwei ndio waliokuwa na meli nyingi za biashara, na walichoka kuona nahodha wao akikwama bandari ya mbali halafu shida yake ipitie mikononi mwa Waswidi. Wakataka makonsuli wao, yaani maofisa wa kuangalia raia, meli na biashara yao nchi za nje. Mei 1905 bunge lao likapitisha sheria, Mfalme Oscar II akagoma kuitia saini, mawaziri wakajiuzulu. Mfalme akakataa kuwaachia, maana hakuwa na wengine wa kuwaweka. Bunge likashika hapohapo: mfalme asiyeweza kuunda serikali ameshaacha kuwa mfalme, na tarehe 7 Juni likatangaza muungano umekwisha. Kura ya maoni ya Agosti, waliotaka muungano uendelee walikuwa 184 nchi nzima, dhidi ya zaidi ya laki tatu na nusu. Na chanzo cha yote hayo ni makonsuli!

Aislandi ni fupi zaidi. Kwa makubaliano ya 1918 Denmaki ilishika mambo yake ya nje. Aprili 1940 Wajerumani wakaivamia Denmaki, na kesho yake bunge la Reykjavik likaamua kuyachukua lenyewe.

Kwa hiyo nchi yako nayo ipe ugomvi wa namna hiyo, wa meli au wa samaki, uliotokea zamani lakini haujasahaulika. Afisa wako kijana hata akinywa kahawa na mwenzake wa nchi jirani, kuna utani hautapita.

Weka pia kisiwa kinachonung'unika. Denmaki ina Greenland na Visiwa vya Faroe, vyenye serikali zao za ndani, huku mambo ya nje kwa sehemu kubwa yakibaki Copenhagen. Hata hivyo Greenland ilijitoa kwenye Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985 na Denmaki ikabaki ndani. Sisi wa huku hatuhitaji kuchorewa picha: Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Desemba 1992, mwaka uliofuata ikajitoa kwa sababu mambo ya nje ni jambo la Muungano. Mhusika wako mwenye uchungu wa kweli nadhani atoke kisiwani.

Sasa balozi. Punguza, tena punguza sana. Aislandi ina watu wasiofika laki nne, haiwezi kuweka ofisi kila mahali, na haina haja. Mkataba wa Helsinki wa 1962, kifungu cha 34, unawataka maofisa wa nchi yoyote ya Nordiki walioko nje kumsaidia raia wa nchi nyingine ya Nordiki ambayo haina ofisi pale. Alishawahi kutujia kijana wa Aislandi aliyeibiwa begi lenye pasi, paji la uso limebabuka kwa jua la Kilimanjaro. Nchi yake haina ubalozi Dar. Aliketi kwenye benchi letu, akapewa simu na maji, na bosi wangu akamshughulikia kama wa kwao. Hakuna aliyeuliza gharama ni ya nani mpaka mchana.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi hawalijui ni udogo wa madaraka ya balozi. Uswidi, kwa mfano, kibali cha kuishi kinaamuliwa na mamlaka ya uhamiaji, Migrationsverket, na katiba yao inakataza waziri kuingilia uamuzi wa mamlaka juu ya mtu mmojammoja. Waziri mzima! Nilimshuhudia mzee mmoja aliyekuja na kanzu safi na kapu la maembe, mwanawe kanyimwa kibali cha masomo. Akasisitiza amwone mheshimiwa mwenyewe. Balozi akashuka, mikono ya shati imekunjwa, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hana uwezo huo. Mzee aliondoka akiamini kwa asilimia mia kwamba kanyimwa kwa makusudi, na maembe ilibidi arudi nayo. Mimi ndiye niliyeyabeba hadi getini. Tukio kama hilo lina riwaya ndani yake kuliko mkutano wowote wa kilele.

Umeuliza pia nani agombane na waziri. Usimtafute jasusi wa Urusi, kila mtu anamwandika huyo. Mgombanishe na watu wa nyumbani. Katiba ya Ufini inasema Rais ndiye anayeongoza sera ya nje akishirikiana na serikali, basi kukawa na mvutano wa miaka juu ya nani akae kwenye mikutano ya wakuu wa Umoja wa Ulaya, Rais au Waziri Mkuu. Mara nyingi walikwenda wote wawili, na ugomvi wenyewe ukaitwa wa sahani, kwa maana ya nani atengewe chakula mezani. Mkataba wa Lisbon, wa Umoja huohuo, ulipoanza kutumika Desemba 2009, Waziri Mkuu akabaki peke yake.

Msafara ufute kabisa. Waziri wako apande tramu, na sura ya tatu ukiiandika upya iweke hapa tuisome.